Baba Amefunga

Same, 24 Februari 1994

Mama Nakijwa mpenzi,

Kwa niaba ya wakazi wote wa nyumba hii, wenye miguu na wenye mapezi, natangaza rasmi kwamba leo Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, Baba ametimiza siku ya sita bila kula kitu chochote. Hali yake ni nzuri. Mashavu yamevimba. Wageni wanaombwa wasigonge kioo.

Baba ni yule samaki dume aliyeachwa na Bwana Lim. Najua ulisema nisikuandikie habari za samaki mpaka umalize mtihani wa anatomia, lakini hii ni anatomia. Unakumbuka Bwana Lim alivyokuwa akituambia kwamba huko kwao Borneo wapo samaki ambao baba ndiye hubeba mayai mdomoni, tukafikiri ni Kiswahili chake kibovu? Alikuja kufufua mitambo ya katani, mitambo ikakataa kufufuka, yeye akarudi kwao, mimi nikapunguzwa kazini, tukabaki na tangi. Sasa nimeona kwa macho yangu.

Ijumaa jioni dume alimkumbatia jike, akajikunja kama pete. Mayai yakadondoka. Jike akayaokota kwa mdomo, nikasema basi, anayala. Kumbe anageuka anamtemea dume usoni, moja moja, naye anadaka! Lilipokwisha la mwisho jike akaenda kula viluwiluwi. Dume akafunga mdomo na hajaufungua.

Nassoro wa dukani alikuja kuangalia.

"Huyu naye amefunga?"

"Amefunga."

"Anafuturu saa ngapi?"

"Baada ya wiki tatu."

Akamtazama samaki kwa heshima kabisa. "Mimi uji ukichelewa dakika tano nagombana na watu."

Nakijwa hajambo. Anakula, analala, anamwita samaki "maki". Nimemsuka nywele mwenyewe, mabutu manne, hakuna mawili yanayofanana.

Sasa neno lisilo zuri. Kaka Eliezeri ameandika kutoka Myamba. Anasema Mama ametoa kauli kwamba mtoto atolewe upesi. Wanataka Nakijwa apande mlimani akalelewe na bibi yake mpaka umalize kozi, maana mwanaume aliyepunguzwa kazini si mlezi, ni mtu aliyepunguzwa kazini. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Siendi. Mtoto haondoki. Wewe soma mifupa yako.

Wako,
Baba Nakijwa


Same, 25 Februari 1994

Kaka Eliezeri,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta wa basi la Gonja, nayo imefunguliwa njiani, kwa hiyo usishangae ukikuta abiria wote wana maoni.

Sitaweza kuja kikaoni. Baba amefunga, bado wiki mbili na siku kadhaa, na siwezi kuacha nyumba. Mtoto haondoki. Msalimie Mama na shemeji Rahabu.

Mdogo wako,
Gregori


Myamba, 1 Machi 1994

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

"Baba amefunga." Umeanza kujiita Baba kama askofu, hilo naliacha. Lakini kufunga! Wewe uliyebatizwa hapa hapa Myamba, ukapata kipaimara ukiwa umevaa viatu vyangu! Sina ugomvi na Waislamu, huko bondeni tumeoleana nao tangu enzi za babu. Lakini mtu anabadili dini bila kumwambia kaka yake mkubwa, halafu anaitaja kwenye barua ya mistari mitano kama anataja mvua? Ni huyo Nassoro, najua. Na mtoto je, amefungishwa na yeye?

Kikao kilikaa bila wewe, mwenyekiti Mzee Eliufoo. Maneno ya Mama nakuandikia kama alivyomwambia mke wangu jikoni. Unajua wao wawili huongea Kiswahili, kwa kuwa Rahabu ni Mgweno wa Shighatini na lugha yetu ya Chasu akiiongea hadi leo anachekesha watoto. Mama alisema hivi: "Mwambie Eliezeri, naye amwambie Gregori, ndiye aliyeko Same. Huyu mtoto atolewe. Nimengoja sana. Nataka nione kabla sijafa." Nadhani alitaka kusema "nimwone". Kiswahili cha Mama unakijua.

Na huzuni imemwingia, Gregori. Juzi amemimina chai mezani na kikombe kiko pembeni. Jumapili mlangoni mwa kanisa nilimnyooshea mkono, akapita kama sipo. Biblia hafungui tena. Huyo ni bibi anayemlilia mjukuu wake kimyakimya. Wakati huo mwanawe yuko Same anafua nepi. Ndiyo, habari tunazo. Kondakta alikuona ukianika, mtoto mgongoni, umemfunga kwa kanga. Kanga, Gregori! Yenye maandishi!

Kikao kimeamua: mtoto apande. Nijibu tarehe.

Kaka yako,
Eliezeri


Same, 4 Machi 1994

Kaka Eliezeri,

Shikamoo.

Kwanza, sijabadili dini. Aliyefunga ni samaki. Nimemweleza Nassoro kwamba kwenu mlimani anasifiwa kwa kuniongoza kwenye Uislamu, akasema hajawahi kuniongoza hata kununua sabuni kwake. Zamani watu tulipanga foleni ya sabuni. Siku hizi sabuni ndiyo inapanga foleni, ya kila rangi, inangoja watu.

Pili, kanga. Ni kweli ina maandishi, lakini yapo upande wa mtoto, mimi sijayasoma.

Sasa, Kaka, wewe ng'ombe unawajua, acha nami nikueleze samaki, kwa sababu kikao kimeamua jambo ambalo hakijaliangalia. Mimi nimeliangalia siku kumi na nne, mchana kutwa, maana kazi nyingine sina.

Samaki hawa si wa kukaanga. Ni wembamba, wa kahawia, na urefu wao ni kidole chako cha kati. Maji ya bomba ya hapa Same hawayataki, yale yanayoacha unga mweupe kwenye birika. Nawakingia ya mvua batini, naloweka majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yawe kama chai ya rangi. Juu nimefunika ubao na jiwe, kwa sababu wanaruka. Mwaka jana jike aliruka nikamkuta ndani ya kiatu changu, mzima, ananiangalia. Chakula chao ni viluwiluwi. Nina pipa la maji nyuma ya nyumba la kuwafugia, na bwana afya alikuja kunifokea kwamba nazalisha mbu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye mtu pekee mtaa huu ambaye mbu wake wana kazi.

Dume akishapokea mayai hujificha kwenye pembe yenye jani. Hali. Anapanda juu kuvuta hewa, anarudi. Ukimwangalia kwa pembeni jua likipiga kioo, unayaona mayai yakigeuka ndani ya ngozi ya koo, kama mtu anayetafuna polepole na kukumbuka asimeze. Kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe: akishtuka, anameza. Mtu mmoja akigonga kioo, kizazi kizima kimekwenda. Kwa hiyo hapa kwangu watu wanaongea kwa sauti ya chini, hata wanaonidai heshima.

Huyu dume hana kikao, Kaka. Hana kaka mkubwa. Mayai yalipotemwa usoni pake hakuuliza kama ni kazi ya kiume, aliyadaka. Ningependa kujua Mzee Eliufoo angekaa siku ngapi bila kula kwa ajili ya mtu yeyote.

Kuhusu Mama kukupita mlangoni mwa kanisa, hilo jiulize mwenyewe ulimfanyia nini. Mimi mambo huyaangalia kwa karibu, sibahatishi.

Tarehe uliyoomba ni hii: hakuna. Andika kwenye muhtasari wa kikao, kwa kalamu ya wino, kwamba mtoto haondoki.

Mdogo wako,
Gregori


Tanga, 8 Machi 1994

Baba Nakijwa,

Nimepata barua yako, na nakala ya ile uliyomwandikia shemeji. Kumbe umekaa ukainakili yote kwa mkono! Basi umeipenda sana. Ni nzuri, wenzangu wa bwenini wameisoma kwa zamu, na sasa kila mwenye mashavu hapa anaitwa Baba.

Lakini kuna kitu. "Jike akaenda kula viluwiluwi." Mstari huo nimeusoma kuliko nilivyosoma fuvu la kichwa. Mimi huku sili viluwiluwi, Gregori. Nakula maharage, nasimama wodini mpaka miguu inajaa, nikirudi nanusa ile fulana ya Nakijwa niliyoondoka nayo, na harufu imeshaisha. Sikukutemea mtoto usoni. Tulikaa kwenye kile kitanda kinacholia, tukazungumza siku tatu, wewe mwenyewe ukasema nenda.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Jumapili niliandika barua kukuambia mpeleke kwa Mama, yaishe. Nikabandika stempu kabisa. Nikaichana. Najijua. Nakijwa akipanda Myamba, wiki ya pili nitakuwa kwenye basi la Gonja nikimfuata, na uuguzi utakuwa umeishia hapo, na maisha yangu yote nitakuwa naambiwa "ungekuwa nesi". Akitoka yeye, nimetoka na mimi. Kwa hiyo wanachokuja kuchukua ni vitu viwili, usione kimoja.

Shikilia. Ila usinitetee kwa samaki. Waambie hivi: mke wangu anasoma, mtoto yuko na baba yake, basi. Maneno hayo hayahitaji tangi.

Mtihani wa anatomia nimepita. Na mabutu msuke mawili tu, manne yanamvuta.

Mama Nakijwa


Myamba, 10 Machi 1994

Gregori,

Habari za samaki nimezisoma, zimetosha. Kikao hakijibiwi na samaki.

Jumamosi nashuka na Mzee Eliufoo kuchukua mtoto. Mfungie nguo zake. Mama naye alitaka kushuka, tangu jana amefunga mzigo. Nimemwambia barabara ni mbovu, atulie, ataletewa mtoto hapa hapa. Akanijibu, "Niletewe wa nini? Si ninaye hapa?" Unaona ulipomfikisha. Anaongea kana kwamba mtoto tayari yuko naye.

Eliezeri


Same, 14 Machi 1994

Mama Nakijwa,

Wamekuja, wameondoka, mtoto yupo. Hayo kwanza, usije ukaruka mistari.

Walifika saa sita, na jua la Same unalijua. Kaka amevaa koti la kanisani, limefungwa vifungo vyote. Mzee Eliufoo ana fimbo na mkungu wa ndizi. Mimi nasonga ugali, Nakijwa mgongoni, kanga ile ile. Niliposikia hodi nilifikiria kuivua. Sikuivua.

"Karibuni. Shikamooni."

"Marahaba," Kaka akasema. "Vua hiyo kwanza ndipo tuzungumze."

"Nikiivua, Kaka, mtoto ataanguka."

Mzee Eliufoo hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akainama mpaka kofia ikagusa ubao.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mzee."

"Siku ya ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na hali kabisa?"

"Kabisa."

"Maji je, anakunywa?"

Nikamsogezea kigoda, hakukigeukia.

"Na mkewe yuko wapi?"

"Yule, chini ya jani."

"Mbona amenona?"

"Anasoma, Mzee."

Usiichane barua hii. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, na Kaka akaona kikao kinamponyoka. Akaja kwenye tangi, akasema, "Samaki gani hata hatingishiki, huyu si amekufa," akakunja ngumi akainua ili agonge kioo.

Nikamshika mkono.

Mama Nakijwa, Kaka yangu huyo nilivaa nguo zake mpaka nilipooa, na sijawahi hata kumkatiza akiongea. Nilimshika hapa kwenye kifundo, nikabaki nimekishika.

"Unanishika mimi?"

"Nakushika wewe, Kaka. Hakigongwi. Na ukimgusa mtoto kumtoa mgongoni, nitakushika tena."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya samaki.

Akasema ni neno la Mama. Nikasema Mama aniambie mwenyewe. Akasema Mama ni mzee. Nikasema mdomo anao. Ndipo nikayatoa yale uliyoniandikia: mke wangu anasoma, mtoto yuko na baba yake, basi. Ni kweli, hayakuhitaji tangi. Yalinitoka nikiwa nimeligeuzia mgongo.

Kaka akajaribu njia nyingine. Akatoa biskuti mfukoni, akamwita Nakijwa kwa sauti ya kuku. Mtoto akapokea moja akatia mdomoni, akapokea ya pili akatia, akapokea ya tatu. Mashavu yakajaa. Akamtazama baba yake mkubwa, hatafuni, hamezi, hasemi.

"Na huyu amefunga," Mzee Eliufoo akasema.

Walikula ugali wangu. Kaka alikula kwa hasira, lakini alirudia mboga. Wakati wa kuondoka akageukia mlangoni: "Wiki ya Pasaka nitarudi na Mama mwenyewe. Hapo nataka nione utamshika nani mkono."

Jana saa nne asubuhi Baba alifungua. Alipanda mpaka karibu na juu, akapiga miayo, akatoka mmoja, mdogo kama kope, na macho mawili. Halafu wawili. Nimehesabu kumi na saba, kama hakuna niliyemhesabu mara mbili. Leo ni Idi, Nassoro ameleta pilau, kwa hiyo yeye na samaki wamepishana siku moja tu.

Lakini sijalala vizuri. Kaka ninaweza kumshika mkono. Mama siwezi. Akisimama mlangoni, na ule mzigo wake aliofunga, akasema kwa mdomo wake "nipe mtoto", sijui nitafanyaje. Nimefikiri sana mbele ya tangi, na nimeamua hivi: nitapiga magoti, nitamshika miguu, na nitamwambia hapana nikiwa huko huko chini. Anilaani akitaka. Haondoki yeye, huondoki wewe.

Mabutu sasa ni mawili.

Baba Nakijwa


Myamba, 21 Machi 1994

Mwanangu Gregori,

Anaandika Rahabu, mimi Mama nasema. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinyooshe.

Eliezeri tangu arudi kutoka kwako amenuna wiki nzima. Jana anasema, Mama jiandae, Pasaka tunakwenda wote Same kumchukua mtoto. Nikamwuliza, mtoto gani? Akasema Nakijwa. Nikamwuliza, Nakijwa amefanya nini?

Kumbe mmekaa vikao. Eliufoo mwenyekiti, mmepanda mmeshuka, mmeshikana mikono kama walevi, nasikia na samaki ndani. Na hapa nyumbani ninapokaa hakuna aliyekuja kuniuliza.

Mimi nimelea tisa. Wa kumi simtaki. Akae na baba yake, tena nasikia unasuka. Mkeo Veneranda amalize shule, nitahitaji nesi.

Tarehe kumi na moja mwezi wa nne nitashuka na basi la Gonja. Eliezeri akitaka aje, asipotaka abaki. Nipokee stendi, uje mpaka mlangoni mwa basi, unishike mkono, usiningoje mbali ukinipungia. Nitakaa kwako wiki mbili. Kitanda chako kinalia, nitalala chini.

Salamu kwa mjukuu wangu.

Mama yako
(dole gumba lake hapo chini)

Nyongeza: Shemeji, ni mimi Rahabu. Kosa ni langu, siku ile nilikuwa naosha masufuria, nikasikia neno nusu nikalipeleka nusu. Mama anasema niliandike lote sasa. Aliyesema atolewe ni mtoto wa jicho. La kushoto.